Kiganja cha Mtafiti

Mtafiti wa ubongo na mguso alikuwa na mazoea ya kushikashika kila kitu, macho ameyafumba: ukingo wa meza, kola ya mgeni, nyanya za sokoni. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ukawa kama wa kuazima, hauhisi kitu. Kila asubuhi mumewe alimpitishia brashi laini kiganjani, vile mtafiti mwenyewe alivyowapima wagonjwa wake miaka yote. "Bado," mtafiti alikuwa akisema, kwa sauti tulivu ya kazini, asije akamvunja moyo mzee wake. Leo, hata hajafungua kinywa, mkono ukaruka wenyewe.

"We mzee, unanitekenya!"

Mumewe akajibwaga kitini. "Hebu sema tena."

"Nasema unanitekenya!"

Mtafiti akacheka mpaka machozi yakamtiririka, kisha akakinyoosha tena kiganja.