Kiganja Kwenye Masizi

Mama alikuwa na kikohozi chenye mpangilio wake. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu anasema, "Haya," kama mtu aliyemaliza kazi moja na sasa anashika nyingine. Nimekulia ndani ya kikohozi hicho. Nikitoka shule, hapa hapa Ihumwa, nilikuwa najua mama yupo jikoni kabla sijaona moshi. Tulikuwa tukimtania kwamba yeye habishi hodi, anakohoa.

Jiko letu ni kibanda cha matofali ya tope nyuma ya nyumba. Bati juu, mlango mmoja, dirisha hakuna, mafiga matatu katikati. Kuta ni nyeusi ti, na masizi yananing'inia kwenye bati kama nyuzi. Lakini kushoto kwa mlango kuna alama ya kiganja. Hapo ndipo mama alipokuwa anashika ukuta kikohozi kikimbana. Alishika miaka na miaka mpaka masizi yakabanduka, ukabaki udongo mwekundu wenye vidole vitano.

Alikufa kwa kifua. Mwishoni hata maneno yalikuwa hayatoki, anatuangalia tu huku mabega yakipanda na kushuka. Tukazika, mimi nikashika mwiko. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Napika kila siku, moshi unapanda kila siku, kila kitu mle ndani kinazidi kuwa cheusi, lakini kile kiganja kipo pale pale, safi, utadhani ameshika leo asubuhi. Mimi siyo mwoga, nani asiyenijua? Ila kuna siku nilikuwa naingia jikoni nikitazama chini.

Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye naishi naye mpaka leo, hakutishika hata kidogo.

"Hajaondoka huyo," alikuwa akisema, kisha anaendelea kuchambua mlenda wake.

Baadaye nikajifungua binti, tukampa jina la mama. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu anapewa na heshima zake. Mimi nikawa namwita "mama". Mama mkubwa akawa anamwita "mdogo wangu", tena anamdai mambo ya utotoni kwao: "We mdogo wangu, zile shanga zangu ulizipeleka wapi?" Mtoto anacheka, hajui hata shanga ni nini. Tulifurahi sana siku zile.

Alikuwa anakaribia miaka mitatu alipoanza kukohoa. Ilikuwa Julai, wakati wa ule upepo wetu wa baridi unaopasua midomo. Mchana, nasonga ugali, yeye yuko kwenye kigoda kando yangu. Viwili vifupi. Kimoja kirefu. Halafu, kwa sauti ndogo kabisa, "Haya."

Mwiko ulinitoka mkononi. Haki ya Mungu, mtoto huyu hakumkuta bibi yake! Niligeuka nikatazama ule ukuta. Mama mkubwa alikuwa mlangoni, mikono kichwani, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umerudi! Mdogo wangu, umerudi!"

Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Aibu yangu hiyo, nitakufa nayo. Nilikuwa na hamu na mama kiasi kwamba nilimsikia mwanangu akiumwa nikashukuru. Majirani walikuja kumsikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema ndiye huyo huyo. Kikohozi kilipozidi tukamsogeza karibu zaidi na moto, maana kifua kinataka joto, na mimi nikaongeza kuni.

Na wakati wote huo sebuleni kulikuwa na mtungi wa gesi. Mume wangu, fundi ujenzi huko Chimwaga, aliuleta zamani. Tuliufunika kitambaa cha kufuma, ukawa wa kupikia wageni. Mama mkubwa alikuwa haupendi. "Mlenda wa gesi? Si bora ninywe maji nilale."

Asubuhi moja mtoto aliamka kifua kinapiga mluzi na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hapo furaha yote iliniisha. Tulichukua bajaji mpaka hospitali, mimi, yeye na mama mkubwa. Tulimkuta daktari msichana, mpole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Ugali," mama mkubwa akajibu. "Na mlenda."

Daktari alicheka kidogo. "Nauliza moto, bibi. Gesi, mkaa?"

"Kuni," nikasema mimi.

"Na huyu anakaa wapi ukipika?"

"Kando yangu. Tangu mgongoni."

Nilimweleza habari za mama, na jina, na kile kikohozi. Aliuliza kama marehemu alivuta sigara. Mama! Hata harufu yake alikuwa haitaki. Daktari aliweka kipimo kifuani kwa mtoto, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu hajarithi kikohozi," akasema. "Mmerithishana jiko. Ule moshi unaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, njia za hewa zinavimba, na za mtoto bado ni nyembamba. Mkimrudisha mle, siku moja hatutawahi." Akanigeukia. "Na wewe, mama, umeanza kukohoa lini?"

"Mimi sikohoi."

"Umekohoa mara tatu tangu uingie."

Nilimtazama mama mkubwa anitetee. Alikuwa anatazama sakafu.

Tulipewa dawa tukarudi. Mtoto alilala ndani, mimi nikaenda jikoni kumchemshia maji. Nilipopuliza kuni, kikohozi kilinikamata. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukutani, na vidole vyote vitano vikakaa mahali pake. Miaka yote ile nilikuwa naisafisha alama ile mimi mwenyewe, kila siku, bila kujua.

Nilizima moto. Nikatoa kitambaa kwenye mtungi, nikauweka barazani penye hewa. Mama mkubwa aliniuliza, "Ndiyo unamfukuza mdogo wangu?"

"Mama mkubwa, mama ameshakufa. Mimi namtaka huyu."

Jioni mama mkubwa alikula mlenda wa gesi, akamaliza.

Wiki zikapita, kifua cha mtoto kikanyamaza, na nyumba nayo ikanyamaza. Juzi nilimkuta uani anacheza kupika. Mawe matatu, kopo la mchanga juu, moto hakuna. Akainama, akapuliza. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mkono mmoja umeshika hewa, kama kuna ukuta.

Nilimkimbilia. "Mama! Unaumwa tena?"

"Siumwi. Napika."

"Mtu akipika hakohoi, mwanangu."

Akanitazama kwa mshangao. "Mbona wewe unakohoa?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kikanikamata. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

"Haya," akanimalizia yeye, akaendelea kukoroga mchanga wake.