Mshona Mikeka na Zulia Linalopaa

Mzee Shigematsu alishona tatami, mikeka minene ya kutandika sakafuni, tangu ujana wake, na hakuna aliyeikanyaga na viatu akabaki rafiki yake. Mkewe alipozidiwa, daktari aliyekuja mbio alisimamishwa mlangoni avue kwanza. Mke alipona. Daktari hakurudi.

Ndiyo maana ule mchezo wa video ulimtesa. Ulikuwa ndani ya meza ya kioo mkahawani kwa Mama Fusae, hapa Nagoya, miaka ile ya themanini tulipoweka vikombe vya kahawa juu ya vita. Mwana wa mfalme, kilemba kichwani na viatu vya ncha iliyopinda, anapanda kasri la Kiarabu kumfuata binti aliyeibwa na jini. Mnara wa mwisho haufikiki ila kwa zulia linaloruka. Sote tulilirukia. Shigematsu alimfikisha kijana ukingoni, akamsimamisha hapo mpaka ndege wakubwa wakamdonoa akafa.

"Mrushe, mzee," nikamwambia.

"Na viatu?"

"Hilo zulia la Waarabu."

"Kwani Waarabu wanaingia msikitini na viatu?"

Nikachungulia kikombe changu kama profesa aliyeulizwa jambo la maana.

Usiku, alituambia, mikeka ya karakanani kwake ilikuwa ikipaa taratibu, nyumba nzima ikinukia majani mabichi, na yule binti akimwita dirishani, "Fundi, mbona hufiki?" Alimsimulia hata mkewe, ndoto na binti na yote. Mwanamume wa hovyo kabisa.

Alasiri moja akaja Nishiwaki, fundi wa mashine, na kigari. Mchezo unaondoka, unakuja mwingine wa wanawake wanaovua nguo.

"Hao angalau watavua viatu," Mama Fusae akasema.

Shigematsu aliomba acheze mara moja ya mwisho. Alitaka kumwona binti yuko kwao, basi. Alipanda minara kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani, akafika ukingoni. Zulia likaja, likapita. Likarudi. Ndege walikuwa wanakaribia. Akainamisha kichwa mpaka paji likagusa kioo.

"Niwie radhi kwa viatu," akaliambia, akamrusha kijana.

Likampokea. Zulia likapanda kati ya nyota za kijani, na Shigematsu akaondoa mikono kwenye vitufe.

"Mzee, ruka, binti yule pale," Mama Fusae akanong'ona.

"Ngoja kidogo. Nimeshona mikeka mingi. Hakuna hata mmoja ulionibeba."

Hata Nishiwaki alikaa. Moshi wa sigara ulielea juu ya meza, na kwa muda sijui ni nani kati yetu aliyekuwa bado ardhini.

Kisha akaruka. Binti akatoka dirishani, kijana akamshika mkono.

"Hapo mchezo unaanza upya," nikasema. "Jini anarudi kumwiba."

"Tena?"

"Ndivyo ulivyo."

Shigematsu akamgeukia Nishiwaki. "Chomoa waya, bwana. Sasa hivi, kabla hajafika."

Nishiwaki akachomoa.