Sheria za Barabara Zinazomhusu Bata

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Mzee Breki, mtahini wa madereva mstaafu, aliyeangusha nusu ya mji kwenye mtihani na nusu nyingine akaiambia ikajipange upya, hajaacha kazi. Kabadilishiwa barabara tu. Ile ya lami wameichukua vijana. Yake siku hizi ni ya kioo, ni ya duara, na juu yake kalala bata wa kuokwa.

Jina la Breki alipewa na mguu wake. Gari la mtihani lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa mtahini, na mguu wa kulia wa mzee uliikanyaga miaka mingi hata ukaota tabia. Mpaka leo hautulii. Mtoto wa jirani akikatiza sebuleni mbio, mguu unakanyaga zulia. Bibi harusi akiingia ukumbini kwa mwendo usiomridhisha mzee, mguu unakanyaga kisigino cha aliyekaa mbele. Mkewe, mshona mapazia, hulala ukingoni kabisa mwa kitanda. "Huyu akiota yuko barabarani," husema, "pedali ni mimi."

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi familia hii hula kwenye mkahawa wa Kichina ulioko pembezoni mwa mji, kati ya duka la matairi na duka la vitanda. Bata wananing'inia dirishani, wekundu, wanang'aa kama kabati lililopigwa vanishi jana, shingo zimeinama kama wanafunzi waliokosa jibu. Mwenye mkahawa ndiye mpishi, na hapiki kitu kingine cha maana. Ukiulizia samaki anakuonyesha tangi lililo karibu na mlango, anakwambia wale ni wa kutazama.

Meza yao ni ya duara, na juu yake kuna kioo kikubwa kinachozunguka ili kila mtu afikiwe na sahani bila kusimama. Watu wengine wakikiona kioo kile huona raha. Mzee Breki aliona mzunguko wa barabara usio na askari, akaingiwa na huruma. Tangu siku hiyo zipo sheria. Kioo huenda mwendo wa saa tu, hakirudi nyuma hata kwa dharura. Anayetaka kukizungusha ainue kidole kwanza, kama ishara. Kioo kikiwa kwenye mwendo, vijiti vyote vya kulia viwe hewani. Na atakayevunja sheria anahamishiwa kiti cha kando ya tangi, akae na samaki mpaka mzee aridhike kwamba amejifunza.

"Shemeji," kaka wa mkewe, kinyozi, alipata kumwuliza, "tumekuja kula au tumekamatwa?"

"Mmekuja kula. Mngekuwa mmekamatwa mngekuwa kimya."

Sasa, Jumapili ninayoisimulia ilikuwa na jambo zito. Binti pekee wa mzee, mpima macho, alikuwa analeta mchumba. Mchumba ni fundi lifti. Mtu mpole, mikono misafi, maisha yake yote ni kupanda na kushuka. Kona hazimo katika kazi yake. Na hapo ndipo penye balaa, kwa sababu kijana huyu Mzee Breki aliwahi kumtahini. Kwenye mzunguko wa mbele ya hospitali, kijana aliingia vizuri, akashindwa kutoka. Alizunguka, akazunguka tena, akipungia kila gari lipite, mpaka mtahini mwenyewe akasema kwa unyonge, "Tutoke baba, mimi nina familia." Akaanguka mtihani. Akarudia, akaanguka palepale.

Kwa hiyo alifuga ndevu.

"Akikujua, tumekwisha," binti alimnong'oneza mlangoni, akimtengeneza kola. "Mimi bila neno la baba siolewi, hilo unalijua. Na baba hajawahi kumpitisha mtu aliyemwangusha."

"Sasa nifanye nini?"

"Kula. Fuata sheria. Usiongee habari za magari."

Wakaingia. Fundi lifti akainama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa hapo." Akamkalisha jirani yake kabisa, bega kwa bega, kama kwenye gari. Kisha akamtazama. "Wewe nimewahi kukuona wapi?"

"Labda kwenye lifti, mzee."

"Mimi hupanda ngazi. Lifti haina breki ya abiria."

Mpishi akaja na toroli, bata juu yake anatoa moshi. Akanoa kisu, akaanza na ngozi, vipande vyembamba vinavyolia kama majani makavu. "Leo ngozi imekubali, mzee," akasema, akaweka sahani kwenye kioo pamoja na chapati nyembamba, tango, vitunguu majani na sosi nyeusi tamu. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Mpishi yule anaifahamu familia ile.

Fundi lifti alizifuata sheria vizuri kupita kiasi. Kila sahani ya bata ilipomfikia, aliinua kidole, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwona mama mkwe mtarajiwa bado ana njaa, akaisukuma taratibu iende kwake. Ikirudi, kinyozi alikuwa anatafuna huku anatamani, naye akampisha. Binti akamkanyaga chini ya meza. Hakuelewa, maana na Mzee Breki pia alikuwa anamkanyaga, na yeye alidhani ndiyo desturi ya nyumba.

"Kijana, mbona huli?" mama akauliza.

"Nakula, mama." Alikuwa anakula tango.

Mzee alikuwa amekunja uso. Ule upole wa kupisha pisha ulimsumbua, kama wimbo unaoujua ukasahau uliusikia wapi.

Ikafika saa ya hatari. Kwenye sahani kulibaki mifupa, bawa moja, na kipande kimoja cha ngozi, cha mwisho, kimejikunja kwa mafuta. Kipande cha mwisho ni cha Mzee Breki. Hilo halikuandikwa popote, lakini hata samaki wa kwenye tangi wanalijua. Sahani ilikuwa imesimama mbele ya fundi lifti, shubiri moja tu kutoka kwa mzee. Shubiri moja, ila kwa upande usioruhusiwa.

Fundi lifti akainua kidole. Akaanza kumpelekea mzee kipande chake kwa njia halali, yaani kupitia dunia nzima. Sahani ikampita binti, ikampita mama, ikapunguza mwendo mbele ya kinyozi. Vijiti vya kinyozi vikashuka kidogo.

"Shemeji!" mzee akanguruma. "Vijiti juu!"

"Viko juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya sahani."

Hapo ndipo mtu aliyetunga sheria alipozisahau. Mzee Breki alikishika kioo kwa mikono miwili, bila kidole, bila kuangalia, akakivuta kwa nguvu kinyume cha mwendo wa saa, ngozi ivikimbie vijiti. Fundi lifti alikuwa bado anasukuma kwa upole upande wa halali. Kioo kikasimama ghafla. Bata hakusimama. Aliruka na sahani yake, sosi ikamtangulia, mzee akainuka kukwepa, mguu wake wa kulia ukakanyaga breki, ukakuta mguu wa meza, naye akarudi kukaa kwa kishindo.

Kulisikika sauti ya mfupa kuvunjika chini yake. Haukuwa wake.

Hapo fundi lifti, kwa kuzoea tu, kwa adabu zote, akasema, "Mzee, hukuonyesha ishara."

Mzee Breki akageuka polepole. Macho yakapita ndevu, yakamfikia mtu.

"Ni wewe! Mzunguko wa hospitali!"

Binti akafunika uso. Kinyozi akajing'ata mkono asicheke. Lakini mkewe, aliyelala ukingoni mwa kitanda miaka yote hiyo, aliweka kikombe chini.

"Hilo baadaye," akasema. "Baba watoto, kiti chako kiko kando ya tangi."

"Mke wangu, mimi ndiye..."

"Sheria ni msumeno, baba. Hukata mbele na nyuma. Mbele ulikata sana."

Akaenda. Alikaa kando ya samaki, amelowa sosi, na samaki mmoja wa dhahabu akaja kumtazama kwa karibu kama anayekagua leseni.

Kipande cha ngozi kilikuwa kimenusurika, kimenata kwenye ukingo wa kioo. Fundi lifti alikifunga kwenye chapati pamoja na kitunguu, akakibeba. Hakukata njia. Aliizunguka meza yote mwendo wa saa, akampisha mhudumu mwenye birika, akampisha mpishi na ufagio, akafika.

"Karibu, mzee."

Mzee Breki alikitazama kile chakula. "Siku ile kwa nini hukutoka kwenye mzunguko?"

"Kila nikitaka kutoka, kulikuwa na mtu anataka kuingia."

"Na leo umekula nini?"

"Tango, mzee."

"Tango tu?"

"Na maji."

Mzee akatafuna muda mrefu, mguu umetulia kabisa sakafuni, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. Mama akasimama, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, sauti ikabadilika kama ya mshereheshaji.

"Mume wangu. Mbele ya binti yetu, mbele ya ndugu yangu, mbele ya mpishi, na mbele ya huyo bata uliyemkalia, tunaomba neno lako. Neno ambalo wajukuu watakuja kulisimulia. Ndoa ipo, au haipo?"

Mzee Breki akameza. Akafuta sosi kwenye kidevu.

"Ipo. Gari aendeshe binti."