Maji ya Udhu na Mti wa Jivu

Nyumbani kwetu Mtongwe kuna mti mfupi ambao majirani huuita mti wa jivu, kwa kuwa majani yake yamefifia kama yaliyonyunyiziwa jivu la jikoni. Jina lake hasa hatulijui. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Shanzu, na siku moja alirudi na kijiti alichokifunga kwa gazeti bichi, akakipanda uani, hatua chache kutoka kwenye bomba. Mama alipochota kopo la maji aumwagilie, Baba akamzuia.

"Huu usiudekeze," alimwambia. "Ukiudekeza umeuharibu."

Nilicheka, maana Mama hajui kuishi bila kudekeza. Hata paka wa jirani alinenepa kwa ajili yake. Basi mti ukawa wa Baba. Aliupunguza ncha kwa mkasi wa kazini, maji akaupa kwa nadra, na kila mvua ilipokaribia, hewa ikawa nzito mtu anatoka jasho hali amekaa, mti ulijaa maua ya zambarau. Hapo alimwita Mama aje aone, na majivuno yote kana kwamba maua kayatoa yeye.

Baba alifariki mwaka juzi, usingizini, siku moja baada ya adhuhuri. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, haendi popote. Mimi naishi Chaani na kazi yangu iko huko huko, kwa hiyo nilivuka feri kila Jumapili kwenda kumwona.

Wiki za mwanzo sikuona kitu. Kisha majani ya mti yakageuka manjano, na Jumapili iliyofuata nikayakuta yamepukutika chini.

"Wamfuata mwenyewe," Mama alisema.

Baba hakutuachia kitu kingine chochote chenye uhai alichokipanda kwa mkono wake.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Mama akatoka kutawadha, na ndipo nilipoona kuwa kigoda chake amekihamisha. Zamani alikaa kando ya mtaro. Sasa alikuwa amekiweka shinani mwa mti, ili maji ya udhu yasipotee bure. Mara tano kwa siku, na juu yake maji ya kuoshea mchele. Nikatia kidole kwenye udongo. Ulikuwa tope tupu, linanuka.

Mimi mdomo wangu haujui kusubiri. "Mama, unauua!"

Akaliweka kopo chini taratibu.

"Wataka nikae niutazame tu? Babako naye aliniambia, niache nipumzike kidogo. Nikamwacha. Nikaenda zangu jikoni kukuna nazi. Niliporudi..." Akajifuta uso kwa ncha ya leso, akaingia ndani kuswali.

Nilijuta, wallahi. Njia nzima ya kurudi Chaani nililisikia lile neno langu, na nililiona aibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na ndoo kuukuu niliyopanda mrehani. Nikaiweka upande wa pili wa bomba, na kigoda nikakisogeza kando yake.

"Huu ndio wenye kiu, Mama. Ukiukosesha maji siku moja tu, unanyauka."

Alijua ninachofanya, hakuna mtoto anayemficha mama yake kitu. "Haya," alisema, akakaa.

Nikachimba kuzunguka ule mti, nikatoa tope, nikajaza kokoto na vipande vya matumbawe, nikakata matawi yaliyokwisha kuoza. Kilichobaki kilikuwa vijiti. Tangu hapo kazi ikawa ni kuuacha, na kazi hiyo ilikuwa ya Mama. Mara kwa mara nilimkuta amesimama mbele yake, mikono ameifunga nyuma ili isimponyoke. Nilimhurumia yeye kuliko mti.

Eda ilipokwisha nilikwenda kumchukua tukamwamkie dada yake. Lilikuwa joto lile la kunata, mvua inataka kunyesha na hainyeshi. Mama alivaa buibui, akafunga mlango, akapita uani, akasimama.

Tawi moja lilikuwa limechipua majani ya jivu, na juu yake maua, manne au matano hivi, ya zambarau.

Hakuyagusa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kumbe babako alitaka kupumzika kweli," alisema. "Nilipomwacha sikumtupa."

Nikamshika mkono. Alisimama hapo mpaka alipotosheka, kisha akaniambia niumwagilie mrehani maji kabla hatujaondoka.