Mapakacha ya Udongo Timboni Utange

Nyevu alikuwa mkulima wa Utange, mjane wa makamo. Mashamba yao yalikuwa mawili, njia ikipita katikati: huku lake, kule la mdogo wake Boga. Walipalilia wakizungumza bila hata kuinua vichwa.

Mwaka wa hamsini na sita kampuni ya mawe ikaja na karatasi, ikasema ardhi ile si yao. Minazi ikang'olewa, matumbawe yakakatwa matofali, malori yakayapeleka kujengea majumba Nyali. Miaka mitatu baadaye wachimbaji wakafikia maji ya chumvi, wakafungasha vyombo, wakaenda zao. Palibaki timbo jeupe, shimo refu la mawe matupu, na kisima cha jirani kisichonyweka tena.

"Hapa pananiuma kupatazama, dada," alisema Boga, akachukua watoto wake akahamia kwa wakwe zake, Kaloleni.

Nyevu alibaki na kibanda na kipande cha bustani. Kilichomtesa si njaa. Mara nyingi alijikuta akiuliza kwa sauti, "Boga, umeliona wingu lile?" kisha jembe likamsimama mkononi.

Siku moja jirani yake Mwanasiti, mwalimu wa chuo cha Kurani, alimkuta akiteremka timboni na pakacha la udongo kichwani.

"Nyevu! Wamwaga udongo juu ya jiwe?"

"Jiwe lina nyufa. Nimeona mpapai umeota wenyewe mle."

Mwanasiti alichungulia, akauona. "Wallahi," alisema, akakaza kanga kiunoni akaenda kutafuta pakacha lake.

Walibeba udongo, samadi ya mbuzi na majani makavu, misimu mitatu. Wengine waliopoteza mashamba wakajiunga nao. Migomba ya kwanza iliungua kwa chumvi. Ya pili waliipanda upande wa juu, mbali na maji, ikashika.

Mwaka wa uhuru, mvua za vuli zikikaribia, Boga alikuja kumwona dadake. Nyevu akamshika mkono wakateremka hadi penye migomba. Boga alizunguka, akapima kwa macho, kisha akanyoosha kidole angani, juu ya vichwa vyao.

"Nyumba yangu ilikuwa pale."

Palikuwa hewa tupu; ardhi yenyewe ilikuwa imeondoka na malori.

"Rudi, Boga. Nimekuwekea upande wa mashariki."

"Watoto wamekwishazoea kule, dada." Alisema polepole, akimtazama usoni. "Nami pia."

Alikaa siku nne, wakapanda mihogo pamoja. Siku ya tano akapanda basi, na machipukizi mawili ya mgomba ndani ya gunia.

Upande wa mashariki Nyevu aliuacha vivyo hivyo msimu mmoja zaidi. Kisha akampa Kalama, mzee aliyepoteza shamba kwa kampuni ile ile. Alipokuwa akimwonyesha mpaka, alikatiza maneno akainama kung'oa magugu, ikabidi Mwanasiti amalizie kueleza.