Ruracio ya Programu ya Chakula cha Kuku

Nilipoacha kufundisha kompyuta chuo kikuu, miaka ya tisini, nilitangazia Thika nzima kwamba sasa mimi ni mwekezaji. Jirani yangu mwenye duka la simiti akauliza kama nitajenga nyumba za kupangisha kule Mwihoko kama watu wengine wenye akili. Nikamweleza kwamba natafuta vijana wenye mawazo ya kompyuta, niwape mtaji kabla mawazo hayajazaa chochote. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea chai.

Wazo la kwanza kunikamata lilikuwa la msichana niliyemfundisha, mtu wa Gitothua. Alikuwa ameandika programu ya kupanga chakula cha kuku. Unaiambia bei ya leo ya pumba, soya na omena, nayo inakuambia uchanganye nini na kiasi gani ili kuku anenepe na wewe usifilisike. Kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda la Thika kilikuwa tayari kumpa kazi, mradi aje Jumatatu na mashine yake, maana wao hawakuwa nayo. Yeye pia hakuwa nayo. Programu yote ilikaa kwenye diski mbili ndani ya mkoba wake wa kanisani. Akikosa Jumatatu, kazi ingeenda kwa kampuni ya Nairobi. Tukakubaliana mimi nilete kompyuta, yeye anipe robo ya biashara.

"Lakini Prof, itabidi uongee na baba," akasema, na sikupenda vile alivyoangalia chini.

Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mpole na mkaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nirudi Jumamosi na watu wangu, tufanye ruracio. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba mahari hulipwa na mtu anayeoa, na mimi nina mke.

"Najua hujaja kuoa, mimi si mjinga," akasema. "Lakini unataka kitu cha mtoto wangu, na hapa kwetu cha mtoto kinatoka kwa njia moja. Hiyo ingine yenu ya kuweka sahihi siijui."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kwani nimekukosea nini," akaniuliza, "mpaka uzeeni niende kukuposea kuku?" Hata hivyo alijifunga kitambaa chake kizuri, jirani wa simiti akakubali kuwa msemaji wetu, na Jumamosi tukafika kwa pikapu na jerikeni ya pombe ya muratina, kompyuta tumeifunga blanketi.

Wajomba na baba wadogo walikuwa wameketi tayari. Wakauliza tumeletwa na nini. Msemaji wetu akajibu, kama inavyotakiwa, kwamba tuliona mwanakondoo mzuri akiingia boma hili.

"Sema programu," nikamnong'oneza.

"Nyamaza. Bwana harusi haongei."

Kompyuta ikafunguliwa hapo uani. Mjomba mmoja akaizunguka, akaigonga ubavuni, akataka kujua kama ni jike, kwa sababu hawapokei kitu kisichoongezeka. Nikasema memori yake inaweza kuongezwa. Wakanong'onezana, wakaridhika.

Shida ikawa ile robo. "Hatujawahi kuoza robo ya msichana," msemaji wao akasema. "Mtu akija kwa heshima namna hii, anachukua wote." Nikajaribu kueleza mambo ya hisa. Walidhani ni unyenyekevu. Kila nilipokataa walinisifu zaidi, na mwishowe wakanipa programu nzima, pamoja na kazi zote itakazofanya maishani mwake, wakapiga makofi. Msichana alikuwa mlangoni na mama yake, haruhusiwi kusema neno, ameukaza ule mkoba kifuani. Niliona aibu, na niliogopa.

Vikombe vikajazwa. Lakini baba wa Kikuyu hanywi pombe ya wageni kama hao kabla hajamwuliza binti, basi akamwita.

"Mwanangu, tunywe hii?"

"Msinywe."

Mjomba mmoja tayari alikuwa na povu mdomoni. Akalifuta polepole kwa mkono wa koti.

"Huyu aliomba robo," msichana akasema. "Nyinyi mmempa yote, na niliyeitengeneza ni mimi. Kama ni yake yote, basi Jumatatu aende kiwandani yeye."

Binti akikataa, wageni huenda zao. Jirani yangu akaanza kuifunika kompyuta blanketi, na mimi nilitaka kulia. Mke wangu ndiye aliyesimama, na huyo hakuwahi kuipenda hii kazi yangu hata siku moja.

"Wazee, mtusamehe," akasema. "Mwulizeni tena. Lakini mara hii mwulizeni kwa robo."

Baba mtu akaweka kikombe chake chini. "Tukinywa kwa robo," akamwuliza binti yake, "wewe unaenda wapi?"

"Siendi mahali, baba. Nabaki hapa na kazi yangu."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Mzee akanigeukia. "Profesa, nimeoza wasichana wanne kwenye hii boma. Kila mara nilikunywa, watu wakaimba, halafu jioni nikaingia kwa nyumba imepoa." Akainua kikombe, akanywa chote bila kupumzika, akamnyooshea binti yake amwongezee.