Jina Nililolikataa Kwenye Jalada

Kitabu changu kilipofika Kibiti, ndani ya boksi lililofungwa kamba, nilikipeleka kwa mwenye duka la madaftari karibu na stendi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na tunaleteana wateja miaka mingi, kwa hiyo hakuweza kunikatalia. Alichukua nakala moja, akaigeuza huku na huku, akasoma jina la mwandishi.

"Huyu nani?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akakaa. "Miaka yote hii, dada, mie sijui kama una jina!"

Hakuwa anatania sana. Kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na baba yake linawekwa kando, linatolewa siku ya kupiga kura na siku ya kwenda kliniki. Kwingine kote anakuwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Mimi ni mama wa binti yangu, na hilo ndilo jina wanaloniitia sokoni, kwenye misiba, hata mume wangu nyumbani.

Binti huyo alifariki akiwa darasa la kwanza. Homa ilimshika wakati wa likizo, kwa bibi yangu Maparoni, kule delta kusikofikika ila kwa boti, maji yakiwa yamekupwa na boti imekaa kwenye tope. Tulisubiri maji yajae. Yalipojaa, hapakuwa tena na haja ya hospitali. Baadaye nilijaliwa wengine wawili, na mama mkwe alijaribu kuniita kwa jina la anayefuata, ili nipumzike. Halikushika. Watu walilitumia siku mbili tatu, wakarudi kwenye lile lile. Siwalaumu, ila kwa miaka mingi kila aliyenisalimia alinichoma.

Ndiyo maana juu ya kitabu niliweka jina la cheti cha kuzaliwa. Kitabu chenyewe kinahusu miaka niliyolinda mpunga na bibi huko delta, tukikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukifukuza ndege mchana kutwa na kupigiana hadithi. Binti yangu hayumo hata kwenye ukurasa mmoja. Niliona nimefanya jambo la busara. Upumbavu mtupu.

Nilizoea kukaa pale dukani nikijifanya nasubiri watu wa sare, kumbe namwangalia kila anayesogelea rafu ya vitabu. Hakuna aliyeuliza kitabu fulani kinahusu nini. Waliuliza, "Cha yule bibi wa hadithi za mapenzi kimekuja?" au "Kuna kipya cha yule mzee?" Macho yao yalipita juu ya majalada yakitafuta mtu wanayemjua, na wakimpata mkono ulikwenda wenyewe. Changu kilishikwa na wanawake niliowashonea watoto wao sare tangu chekechea. Wakasoma jina, wakakirudisha. Mmoja aliguna, "Hawa waandishi wa Dar wanajua nini cha dungu?" Nami nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Niliweka picha ya jalada kwenye status ya WhatsApp, nikapata hongera nyingi, wote wakiniomba nizifikishe kwa huyo mwandishi.

Mwezi wa kumi na mbili mwenye duka akaniambia anaihitaji rafu yake, shule zinakaribia kufunguliwa.

"Kitabu kizuri, wallahi. Nimekisoma mpaka mke wangu kaninunia. Lakini kwa jina hili hakuna anayekujua. Niache niandike lile letu siye."

"Hapana."

"Basi, dada, wiki ijayo njoo uchukue boksi lako."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamkasirikia kila mtu, mpaka cherehani. Wale wanawake ndio niliowaandikia. Wanaokumbuka dungu wanazidi kupungua, na watoto wao wanadhani mpunga unaota ndani ya gunia. Bila jina la mwanangu hawatakiona kitabu. Nikiliweka, nitakuwa nimemtoa mtoto wangu akaniitie wateja stendi. Nilizunguka na mawazo hayo wiki nzima, sikuamua chochote.

Nilipokwenda kuchukua boksi, nilikuta limefika nusu. Mwenye duka alikuwa amekata kipande cha manila, akaandika kwa kalamu nene: KITABU CHA MAMA, kisha jina la mwanangu, akakibandika juu ya rafu. Nilitaka kwenda kukichana. Lakini mbele ya rafu walisimama wanawake wanne, mmoja anawasomea wenzake kwa sauti habari za bibi yangu na ndege zake, na wote wanacheka. Nikabaki mlangoni na mfuko wangu mtupu, sijui niingie au nirudi.

Aliyeniona kwanza ni jirani yangu mtu mzima, muuza mikeka, aliyekuwa akimsuka binti yangu kila Ijumaa. Alinijia na nakala yake, imefunguliwa ukurasa wa mwanzo, na kalamu ya dukani.

"Niandikie jina lako humu, mwanangu. Lako lenyewe. Hili la juu la nani?"

Nilimwambia siwezi. Hakuuondoa mkono, kalamu ilibaki mbele yangu.

Nikaweka kitabu kwenye kaunta, nikaandika Mama, kisha nikakwama. Mara ya mwisho kuliandika jina lile ilikuwa juu ya daftari lake la darasa la kwanza, kwa herufi kubwa, ili lisichanganywe na la mwenzake. Nikaliandika vilevile, kwa herufi kubwa, machozi yakidondokea ukurasa. Jirani alilipuliza mpaka likakauka, akakikumbatia kitabu kifuani, akasogea pembeni. Nyuma yake mwenye duka alikuwa ameshafungua nakala nyingine, ukurasa ule ule, ananisubiri.